Pemba Mbele ya Mswala

Mimi ni Harub bin Khelef bin Marhoun bin Nadhir. Nadhir alizaliwa hapa Ibra, Oman, na kufia hapa Ibra, na zamu yake ya maji katika falaji, mfereji unaonywesha mitende, haikupata kugombewa na mtu, kwa kuwa hakuchukua hata mara moja dakika isiyokuwa yake. Marhoun, mwanawe, alisafiri akenda Pemba akiwa kijana, akakata msitu, akapanda mikarafuu, na kila kadhi wa Chake Chake alipotaka shahidi asiyenunulika, alimtuma mtu kumwita Marhoun. Khelef, baba yangu, alisomesha Kurani miaka arubaini na hakupokea kitu kwa mtoto yatima. Mimi nimesomesha jiografia katika skuli za serikali, Pemba na Unguja, miaka ishirini na miwili. Wazee wangu nawataja mwanzo kwa sababu katika mwaka 1982 mjukuu wangu aliambiwa darasani kwamba watu kama sisi hatuna mahala katika ramani, na mimi sikuwa tayari kulipokea neno hilo nikiwa nimekaa kimya.

Tuliondoka Unguja mwaka 1964. Tukakaa Dubai miaka minane, na mwaka 1972 tukaingia Ibra, mji wa babu zetu, ambao wenyeji wake walitukaribisha vizuri kisha wakatuita Wazanjibari. Ghalia, binti wa mwanangu Musallam, alizaliwa Dubai. Pemba hajapata kuiona. Wakati wa mambo haya alikuwa na miaka kumi na nne, darasa la mwisho la skuli ya kati ya wasichana.

Siku moja alirudi adhuhuri, akaweka mkoba chini, akaja kunibusu mkono.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mbona sauti yako nzito?"

"Abla Shukriya amenichagua mimi. Siku ya maonyesho nitasimama nieleze kharita ya Afrika, mbele ya naibu wa wali wa wilaya na wazee wote."

"Basi hilo ni la kulilia?"

"Kitabu yetu, babu, iko na maeneo..."

"Kitabu chetu kina maeneo," nikamsahihisha.

"Kina maeneo sita ya maumbile. Jangwa, nyika, msitu wa mvua, milima, hayo yote. Lakini maeneo ya utamaduni ni mawili tu. Afrika ya Waarabu juu ya jangwa, na Afrika ya weusi chini yake. Khalas. Nikamuuliza abla, na watu wa pwani? Na sisi? Akasema, 'Nyinyi mlikuwa wasafiri, na sasa mmerudi kwenu. Msafiri hana eneo.' Kaltham mwenzetu akasema, 'Wana eneo, abla, eneo la ndizi!' Darasa zima likacheka, maana sisi ndio wapika ndizi wa mji."

Abla Shukriya, na abla maana yake ni bi mwalimu, alikuwa mwalimu wa jiografia, mgeni kutoka nchi nyingine ya Kiarabu, mwanamke mwenye elimu na nidhamu. Simsemi kwa ubaya. Alisoma alichoandikiwa, na alikisomesha kwa bidii. Tena alikuwa muadilifu, kwani alimpa Ghalia nafasi: alete, siku ya Jumanne, ramani yake mwenyewe yenye eneo la tatu na hoja zake. Ikiwa sahihi, atasimama nayo siku ya maonyesho. Ikiwa na kosa, atasimama Kaltham na ramani ya kitabu.

"Kosa halitakuwapo," nilimwambia Ghalia. "Unasomeshwa na mimi."

Nilimsomesha siku tano, kila siku baada ya sala ya alasiri, juu ya mswala, kama nilivyosomeshwa na mwalimu wangu Pemba. Mwalimu yule hakuwa na ramani. Alituweka chini tukaelekea kibla, kisha akatupangia dunia kwa mikono yake: mbele yenu kuna hiki, nyuma yenu kile, mkono wa kulia bahari, mkono wa kushoto bara. Mtoto aliyekosea aliambiwa asimame, aelekee tena, aanze upya. Elimu ile imenikaa mwilini. Hata leo ukiniuliza Ngazija iko wapi, mkono wangu unajua kabla ya ulimi.

Ghalia alikaa mbele yangu na karatasi kubwa ya manila magotini. Nikamwambia kuhusu ardhi kwanza, maana watu hukaa kwa namna ardhi inavyowaruhusu. Nikamweleza mawe ya matumbawe ambayo ndiyo mifupa ya pwani ile yote, na chokaa inayochomwa kwayo, na nyumba zinazojengwa kwa chokaa hiyo kutoka Barawa mpaka Kilwa, zenye baraza mbele ya mlango ili mgeni apokewe bila ya kuingia kwa wanawake. Nikamweleza mikoko na boriti zake, zilizofika mpaka kwenye dari za Sur huku Oman. Nikamweleza masika na vuli, mnazi na mpunga, chuo cha Kurani na ubao wake, maulidi, harusi, msiba, na lugha moja inayomtoa mtu Lamu ikamfikisha Sofala asipotee njia. Nikamwambia pia kuhusu waliokwenda bara, Tabora na Ujiji mpaka Kongo, wakaibeba lugha ile mabegani pamoja na mizigo.

"Na Pemba, babu? Kitabu imeweka nukta moja tu, Zanjibar."

"Kitabu kimeweka. Pemba iko mbele ya Unguja. Ukisimama kusali Unguja, uso wako unaielekea Pemba. Na pepo za kaskazi zinakupiga usoni, na pepo za kusi zinakupiga mgongoni."

Akaandika. Akachora. Siku ya tano akanishikia karatasi mbele ya macho.

"Itazame, babu. Ni sawa?"

Hapa lazima niseme jambo ambalo wakati ule hakulijua mtu yeyote nyumbani. Macho yangu yalikuwa yameingia ukungu. Niliona buluu, na niliona kijani, na niliona mstari mwekundu unaopita baina yake. Zaidi ya hayo sikuona kitu. Ningeweza kusema, "Nisomee, mjukuu wangu, sioni." Sikusema. Mwalimu aliyesomesha miaka ishirini na miwili aliona haya mbele ya mtoto.

"Ni sawasawa," nikasema, nikachukua kalamu, nikatia jina langu pembeni.

Jumanne alasiri Ghalia alirudi nyumbani bila ya kunibusu mkono. Alisimama mlangoni na ile karatasi imekunjwa kwapani.

"Babu, Pemba iko wapi?"

"Nimekwisha kukwambia. Mbele ya Unguja, upande wa kibla."

"Na kibla iko wapi?"

Nikanyoosha mkono kuelekea ukuta wa kibla, kule ambako jua lilikuwa linateremka juu ya mitende. Mkono ukanibaki hewani. Kule ni magharibi. Kibla cha Ibra ni magharibi. Kibla cha Unguja ni kaskazini, na sisi huko tulisali na mawio ya jua mkono wa kulia. Kwa miaka kumi nilikuwa nikisali hapa nikilitazama jua linazama mbele yangu, na mwili wangu ulikuwa bado unaamini kwamba kulia kwangu kuna bahari.

"Umeiweka wapi?" nikamuuliza.

"Magharibi ya Unguja. Katikati ya ule mkono wa bahari, baina ya Unguja na bara, imebanwa kama tende mdomoni. Na pepo zako za kaskazi nimezichora zinatoka Kongo." Akaikunjua karatasi mbele yangu. "Abla akafungua atlasi. Akasema, 'Babu yako ametia saini, na hajui kisiwa chake kiko wapi.' Kaltham akauliza kama babu yangu alikuwa akenda Pemba kwa miguu. Umeniaibisha, babu."

Katika maisha yangu nimeambiwa maneno mengi na watu wenye bunduki, na hakuna lililonipata kama hilo.

"Kisha abla akasemaje?"

"Akanipa raba. Akasema, 'Futa mstari huo wa eneo la tatu, shika ramani ya kitabu, na nafasi yako bado ipo.'"

"Ukafuta?"

Akavuta pumzi kama mtu aliyetukanwa.

"Nikamwambia, Pemba nitaihamisha, abla. Mstari siufuti."

"Naye?"

"Akasema basi atasimama Kaltham."

Mwanangu Musallam alikuwa ameingia, kanzu yake inanuka vumbi la njia ya Jalan Bani Bu Hassan, ambako alikuwa karani katika ofisi ya serikali. Aliyasikia ya mwisho.

"Baba, nakuomba uliache jambo hili," alisema. "Mimi nakaa ofisini siku nzima nachunga ulimi wangu, mtu asije akasikia nilikokulia. Wewe unataka binti yangu asimame mbele ya mji mzima akatangaze?"

"Nataka asimame."

"Watatucheka."

"Wamekwisha kucheka, Musallam. Walicheka bila ya ruhusa yako. Sasa kilichobaki ni kuamua tutacheka nao, au tutawajibu."

"Na kosa lako je? Utalijibu nini?"

Aliuliza kwa ukali, na alikuwa na haki. Nikamwambia kosa nitalichukua mwenyewe, mkononi, kama mtu anavyochukua kitu chake alichokisahau kwa watu.

Jumatano, siku ya maonyesho, nilivaa kanzu nyeupe na kilemba, nikachukua bakora yangu kwa mkono mmoja na mswala kwa mkono wa pili. Ghalia alichukua ramani. Musallam alikuja nyuma yetu. Wanaume tulikaa upande mmoja wa ukumbi, wanawake upande wa pili, na naibu wa wali alikaa mbele. Kaltham alisimama, mtoto hodari, akaeleza maeneo sita ya maumbile na mawili ya utamaduni bila ya kukwama. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, maana kazi nzuri ni kazi nzuri. Kisha naibu wa wali akauliza kwa upole kama kuna mzazi mwenye neno.

Nikasimama.

"Mimi ni Harub bin Khelef," nikasema kwa Kiarabu. "Nina ungamo, na nina swali. Mjukuu wangu Ghalia alileta katika skuli hii ramani yenye kosa. Kosa lile ni langu. Nilimsomesha nikiwa nimekaa juu ya mswala huu, nimeelekea kibla cha hapa, na maneno yangu yalikuwa ya kibla cha Unguja. Kisha akanipa ramani niikague, na mimi macho yangu hayaoni, nikaona aibu kusema, nikatia jina langu. Mtoto hakukosea. Aliandika alichoambiwa na mtu aliyepaswa kuaminika."

 Nilimsikia Musallam akivuta pumzi.

"Mzee wangu," alisema Abla Shukriya, akiwa amesimama karibu na ubao, "ungamo lako ni la kiungwana. Lakini ramani yenye kosa haithibitishi eneo."

"Ndiyo maana nina swali. Si lako, abla. Ni la hawa." Nikageuka kwa watu. "Nani humu ndani, alipofundishwa kusali akiwa mdogo, aliambiwa kwamba mkono wake wa kulia ndiko linakotoka jua?"

 Nikahesabu moyoni. Nikafika saba. Kisha kiti kikalia nyuma yangu, na nikaijua sauti ya Sleyum, yule mwenye duka la vipuri vya magari, mtu mwenye domo.

"Mimi!" alisema. "Tabora. Mkono wa kulia jua, na kushoto stesheni ya gari moshi. Kila alfajiri lile gari moshi lilikuwa linanichanganya rakaa!"

Watu wakacheka, lakini kicheko hiki kilikuwa cha namna nyingine. Mzee Mahrous, anayeuza mbao njia ya Izki, akagonga bakora chini. "Barawa," alisema. Kutoka upande wa wanawake ikaja sauti ya Bibi Rahila, ambaye kwa miaka mitano tulikuwa jirani bila ya kujua amezaliwa wapi: "Ngazija, Bwana Harub! Kulia jua, na nyuma mlima wa moto!" Wakaendelea. Lamu. Mombasa. Ujiji. Mwingine Tabora, ambaye Sleyum hakumjua, na papo hapo wakaanza kuulizana mitaa. Mtu mmoja alikuwa wa Mkoani, Pemba, mwendo wa saa chache kutoka kwetu. Kisha, nyuma kabisa, karibu na mlango, sauti niliyoilea mwenyewe ikasema, si kwa nguvu lakini kila mtu aliisikia:

"Chake Chake."

Alikuwa Musallam, na mkono wake, niliambiwa baadaye, ulikuwa juu.

Hapo ndipo nilipomwambia Abla Shukriya, "Sikiliza." Kwa sababu watu wale hawakuwa tena wakisema na mimi. Walikuwa wakisemezana wao kwa wao, mtu wa bara na mtu wa kisiwani, mwanamme na mwanamke kutoka pande mbili za ukumbi, na hakuna aliyekuwa akisema Kiarabu. "Hawa hawakukulia mahala pamoja. Wengine hawajapata kusalimiana mpaka leo. Nani amewapa lugha moja na mkono mmoja wa kulia? Wasafiri wasio na eneo?"

Mwalimu yule aliwasikiliza mpaka mwisho, na nilimheshimu kwa hilo. Kisha akamgeukia Ghalia.

"Lakini hawa wako Ibra sasa. Eneo lako liko wapi, Ghalia? Huko au hapa?"

Ghalia alisimama. 

"Mstari unaonyesha walikojifunza kuelekea, abla. Hauonyeshi walipokaa leo."

"Na Pemba?"

Ghalia akaja mbele, kama nilivyoelezwa baadaye, maana mimi niliona vivuli tu, akachukua mswala wangu, akautandika juu ya sakafu. Akautazama kidogo, kisha akaugeuza robo, ukaelekea kaskazini, upande ambao hakuna mtu wa Ibra angeuelekea akisali. Akakaa juu yake. Akaifungua ramani mapajani, akachukua ile ile raba aliyopewa ya kufutia mstari, akaifuta Pemba kutoka ule mkono wa bahari. Akaichora tena mbele ya Unguja, kaskazini, imeingia kidogo upande wa mawio. Akaigeuza mishale ya pepo mmoja mmoja. Mstari mwekundu hakuugusa.

"Katika mtihani," Abla Shukriya alisema, "utaandika maeneo mawili, kama kilivyo kitabu."

"Nitaandika mawili, abla. Na chini yake nitaandika la tatu."

"Nitakukata maksi."

"Zikate, abla."

Nilisikia mtu akicheka kwa pua, na baadaye nikaambiwa kuwa ni mwalimu mwenyewe. Aliichukua ile ramani, akaisoma kutoka juu mpaka chini kama anayesahihisha karatasi ya mtihani, akatafuta misumari midogo, akaigonga ukutani pembeni ya ramani ya kitabu. Ilipotaka kuanguka upande mmoja, Kaltham akaushika ule upande.

"Naishika," alimnong'oneza Ghalia, na mimi nilikuwa karibu nikasikia, "lakini hiyo Pemba yenu isitembee tena."

"Haitembei," Ghalia akamjibu. "Wewe simama tu hapo, jirani wa eneo la ndizi."

Naibu wa wali alimtaka aeleze, naye akaeleza. Alianza na matumbawe, kwa Kiarabu fasaha kuliko changu, mpaka akafika kwenye lugha, na hakushusha sauti hata mara moja. Katika mtihani aliandika la tatu, akakatwa maksi nne. Karatasi ile ya mtihani nimeitia fremu, na imetundikwa katika majlisi yangu, mgeni akiingia ndiyo ya kwanza anayoiona.

Sasa nasema nanyi wajukuu zangu mliozaliwa hapa, ambao mnaona haya kujibu shikamoo mbele ya marafiki zenu. Macho yangu yamekwisha kutibiwa Maskati, nawaona vizuri, na namwona kila anayeinama nikianza kusema Kiswahili. Inueni vichwa. Kaeni chini na bibi zenu kabla hawajaondoka, muwaulize walisali wameelekea wapi, na muandike wanachosema. Mkikosea, semeni mmekosea, mtengeneze palipokosewa mbele ya watu. Lakini mtu akikupa raba ufute mahala ulipotoka, irudishe mkononi mwake, na yeyote katika nyumba hii atakayefuta mstari ule asije kunibusu mkono.